Mtoto wa miaka mitatu anayependa treni: akaangalie wapi, na akae mbali kiasi gani?

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mzee. Mi naishi Gongo la Mboto, nina kijana wangu ana miaka mitatu na kitu, treni imemwingia kichwani hadi usiku anaiota. Jioni baba yake anamchukua wanaenda kukaa pembeni ya reli ile ya zamani wanasubiri ya Pugu ipite, mtoto anarudi kafurahi ila mi huku roho iko juu. Nikisema naambiwa reli iko wazi, watu wote wanapita hapo, na treni ina honi utaisikia tu. Naomba unisaidie, treni za abiria mtoto akaziangalie wapi kwa usalama, tukae mbali kiasi gani, na ule umeme wa SGR, hii reli mpya, una madhara kwa mtoto? Alafu kuna kitu kinanishangaza, ya zamani anaipenda kuliko mchongoko, ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka, kwa nini?"

Marahaba binti yangu. Nianze na baba mtoto, maana kesi ni yake, mtoto hana kosa lolote.

Honi utaisikia. Nimeendesha treni reli ya kati, hiyohiyo mnayoiita ya zamani, miaka mingi na baadae nikawa nafundisha vijana kazi hiyohiyo, kwaio hii kauli naijua vizuri, na ubaya wake ni kwamba nusu yake ni kweli. Dereva anapiga honi akikaribia kivuko na akiona watu mbele yake. Lakini kuanzia Stesheni mpaka Pugu upo katikati ya mji, kuna bodaboda, kuna spika za baa, huko kwenu tena kuna ndege zinashuka uwanjani kila saa, na kichwa cha dizeli kikiwa kinateremka bila kuvuta hakina kelele kama mnavyodhani, kinakuja kimetulia kabisa. Yale makelele mnayoyajua ya treni mengi mnayasikia ikiwa imeshafika au inapita, sio kabla.

Alafu kuna jambo la miaka hii tu ambalo watu wengi wa huko hawajalizoea. SGR inapita jirani na reli ya zamani. Zamani ukisikia honi ulijua ni moja, inatoka mjini au inaenda mjini, basi unasogea. Siku hizi ukisikia honi ujiulize kwanza ni ya reli ipi, na ukishaiona treni moja inakuja akili inahamia kwenye hiyo, nyingine ikija nyuma yake au upande wa pili huisikii maana ya kwanza imeshaifunika sauti. Nimewaona watu kutoka kwenye kichwa, mtu anageuka kuangalia treni ya upande ule amenipa mgongo mimi kabisa, napiga honi anadhani ni ya ile anayoiangalia.

Na macho nayo yanadanganya. Kitu kikubwa kikija moja kwa moja kuelekea kwako kinaonekana kinatembea taratibu kuliko spidi yake halisi, hata mtu mzima mwenye leseni ya gari anadanganyika, ndo maana magari yanagongwa kwenye vivuko mchana kweupe dereva kaiona treni. Mtoto wa miaka mitatu ye ndo hana kabisa hesabu ya spidi. Treni inayotembea kilomita 50 kwa saa, ambayo kwa macho ya mtu aliyekaa kwenye kokoto inaonekana mdogomdogo, inakata karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akikuponyoka mkono kufuata ndala, we hesabu mwenyewe.

Na dereva hana la kufanya. Hii nataka baba mtoto aisome kwa makini maana watu wanaona treni ina breki basi itasimama. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma vinagusana kwenye eneo dogo kama sarafu, na chuma kwa chuma hakishikani kama tairi na lami. Chuma hakibonyei kama mpira, ndo maana kichwa kimoja kinaweza kuvuta mzigo mkubwa kwa mafuta kidogo, faida ya reli iko hapo, ila huo utelezi ukitaka kusimama unakuwa adui. Treni ya kawaida ya abiria inahitaji mamia ya mita. SGR ikiwa kwenye 160, yaani mita 44 kwa sekunde, inahitaji karibu kilomita nzima au zaidi. Na usukani hamna, huwezi kumkwepa mtu. Dereva akikuona yuko mita hamsini anavuta breki ya dharura, anapiga honi, basi, kazi yake imeishia hapo, kinachobaki anakiangalia tu kwenye kioo na anakwenda nacho nyumbani.

Lakini sababu yangu kubwa ya kukataa huo mtindo sio hiyo. Siku mtoto yupo na baba yake, kashikwa mkono, pengine hakutatokea kitu. Shida ni kile anachofundishwa. Mtoto wa miaka mitatu hasikilizi maneno, anaangalia unafanya nini, na sasa hivi anajifunza kwamba pembeni ya reli ni sehemu ya kukaa, ya baba na mwana, tena tamu kuliko zote. Akifika miaka saba akienda shule na wenzake, baba hayupo, ataenda kukaa wapi? Palepale. Kwaio mi ushauri wangu, sheria iwe nyepesi ambayo hata ye ataikariri: treni tunaiangalia stesheni, au tunaiangalia tukiwa nje ya uzio, relini hatukanyagi. Hata kama jirani anapita. Hata kama tuna haraka. Siku mnavuka pale kwenye kivuko mnasimama, mnaangalia huku, mnaangalia huku, mnasikiliza, ndo mnavuka mkiwa mmeshikana mikono, na mnafanya hivo hata kama reli zote ni tupu mpaka Ruvu.

Umbali sasa. Kwa mjini hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande, nje ya mji ni 30, ndo zile alama za X mlizoziona kwenye kuta za watu kipindi cha bomoabomoa. We itumie hiyohiyo kama kipimo chako, chini ya mita 15 usikae na mtoto isipokuwa uko kwenye jukwaa la stesheni. Watu wanadhani hatari ni kugongwa na kichwa tu. Treni inapita na vitu vinavyoning'inia, mikanda ya kufungia mizigo, mlango ambao haujafungwa vizuri, abiria anatupa chupa dirishani, kokoto inaruka. Na hili nalisema kwa ustaarabu, mabehewa mengi ya zamani choo chake kinamwaga chini moja kwa moja, kwaio mnapokaa pale kwenye mataruma, yale yanayobeba reli, na mtoto anachezea kokoto, mjue mnachezea nini.

Ukiwa kwenye jukwaa, usimame nyuma ya mstari, na kwa mtoto mdogo mi nasema rudi mpaka ukutani au kwenye benchi. Treni ikiingia kwa spidi inasukuma upepo na upepo unayumbisha mtu mzima, seuze mtoto wa kilo kumi na tano. Kama una kigari cha mtoto, usikielekeze relini, kiweke ubavu, na funga breki, majukwaa mengi yana mteremko kidogo wa maji ambao huuoni kwa macho ila magurudumu yanauona. Na mkono unashika wewe. Usimwambie "nishike", maana akishangaa anaachia, we ndo umshike, tena kwenye kifundo cha mkono, vidole vinateleza jasho.

Haya umeme. Waya za SGR zina volti 25,000. Kusimama nje ya uzio, kukaa stesheni, kupanda treni yenyewe, havina madhara yoyote kwa mtoto, watu wanaosema mionzi sijui inaharibu ubongo waachane nao. Umeme huu hauji kukutafuta ulipo. Ila ukiusogelea hauhitaji kuguswa, na hapo ndo tofauti na umeme wa nyumbani, volti hizo zinaruka hewani kufuata kitu kilicho karibu. Kwaio vitu vya kukataza ni vile virefu na vya juu. Tiara ndo namba moja, watoto wa huko mnarusha sana tiara miezi ya upepo, uzi ukinasa kwenye waya ule usivutwe, uachwe hapohapo. Fimbo za selfi kwenye madaraja ya waenda kwa miguu hapana. Maputo yale ya kung'aa yenye karatasi ya bati hapana. Kuchomeka kijiti kwenye nondo za daraja lililo juu ya reli hapana. Na hamna kitu kinaitwa "treni haijaja bado kwaio waya umezimwa", waya huo uhesabu una moto saa zote.

Sasa tuje kwenye raha yenyewe.

Umeuliza kwa nini anaipenda ya zamani kuliko mchongoko na mi nimecheka maana mtoto wako ana akili sana. Watu wazima tunapenda spidi, tunataka kuona 160. Mtoto mdogo hataki spidi. Hebu chukua treni ya urefu wa mita 200 ikiwa na spidi kamili, inakupita chini ya sekunde tano. Sekunde tano mtoto bado anageuza shingo, anatafuta baba ameonyesha wapi, ikishapita ndo anaanza kuelewa kwamba ilikuwepo. Analia. Mnadhani anaogopa, kumbe ameibiwa. Anachotaka ye ni hadithi nzima: haipo, inakuja, imefika, imesimama, watu wanashuka, watu wanapanda, gadi ananyanyua bendera ya kijani, honi, inaondoka, imeisha. Hiyo ya zamani inampa yote na inampa taratibu.

Na inaongea. Reli za zamani sehemu nyingi zimeungwa vipande kwa vipande, kwenye kiungo kuna uwazi mdogo ulioachwa makusudi ili jua likiwaka chuma kikitanuka kipate pa kwenda. Gurudumu likipita kwenye ule uwazi ndo ile tuku-tuku, tuku-tuku, na kila behewa linaipiga kwa zamu yake. SGR reli zake zimechomelewa zikawa ndefu bila viungo hivo, zimebanwa kwenye mataruma ya zege ili zisihangaike na joto, kwaio inapita inateleza, inatoa sauti ya upepo na mluzi tu. Kwa abiria ni neema. Kwa mtoto ni treni bubu.

Alafu kuna moshi, kuna harufu ya dizeli, kuna mtetemo kifuani. Hapo kuna siri moja utamfundisha akikua kidogo, na baba yake pia atashangaa, kwamba hata ile ya dizeli inaendeshwa na umeme. Injini ya dizeli haizungushi magurudumu, inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme ndo unaenda kwenye mota zilizo kule chini kwenye ekseli. Kwaio tofauti ya kichwa cha zamani na SGR ni kwamba mmoja anabeba mtambo wake mgongoni, mwingine anachukua moto juu kwenye waya kwa ule mkono uliopinda juu ya paa. Muonyeshe huo mkono, wanaupenda.

Kwaio jibu la wapi linatokana na hapo: mpeleke treni inaposimama, sio inapopita. Kwa mtu wa Gongo la Mboto hata huhitaji kuhangaika. Treni ya abiria ya Pugu ina vituo njiani, nenda kituoni badala ya kwenye kokoto, nunua hata tiketi, ni hela ndogo, na ukishakuwa na tiketi unakaa kwa amani bila kufukuzwa kama mzururaji. Salimia wahusika wa kituo, waambie ukweli, kijana wangu anapenda treni tumekuja kuangalia. Watu wa reli tuna udhaifu na watoto wanaopenda treni, nakwambia ukweli, mara nyingi ataonyeshwa vitu ambavyo abiria waliolipa hawajawahi kuonyeshwa. Usiende nae saa ya watu wa kazini lakini, asubuhi kuelekea mjini na jioni kutoka mjini, pale ni vurugu, watu wanaingilia madirishani, mtoto haoni treni anaona magoti. Hizi treni za mjini zilianza Oktoba 2012, wakati ule watu waliziita za Mwakyembe kwa jina la waziri, na kujaa kwake hakujapungua tangu siku hiyo. Ratiba inabadilikabadilika, uliza kituoni kabla hujamvalisha mtoto viatu, maana kumwambia mtoto wa miaka mitatu leo haiji ni msiba.

Ila zawadi kubwa iliyo karibu na we ni stesheni ya SGR ya Pugu. Treni za kawaida za kwenda Morogoro zinasimama hapo, za ekspresi zinapita. Nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mwaka 2024 kutoka Pugu kwenda Dar ilikuwa shilingi 1,000, na mtoto chini ya miaka minne bure, kuanzia minne mpaka 12 nusu. Angalia kama imebadilika, lakini hata ikipanda kidogo bado ni rahisi kuliko kumpeleka mtoto kwenye michezo ya kupuliza Jumapili. Kwaio kabla hajafikisha minne umtumie vizuri huyo! Kumbuka SGR sio kama ya zamani, jukwaani hauingii kuangalia tu, unahitaji tiketi na kitambulisho na unapita kwenye ukaguzi, kwaio huko kuangalia na kupanda ni kitu kimoja. Mtaje mtoto unapokata tiketi yako. Wahi, mageti yanafungwa kabla ya treni kuondoka na hawasubiri mtu.

Ukishuka Dar uko Stesheni, na hapo ndo mahali ninapopapenda kuliko pote kwa mtoto, maana unaona zama mbili zimekaa jirani. Jengo la SGR lile lililochongwa kama jiwe la tanzanite, na pembeni yake stesheni ya reli ya kati iliyoanza kujengwa kutoka hapo Dar mwaka 1905 wakati wa Wajerumani ikafika Kigoma 1914. Kama kuna treni ya bara inajiandaa kuondoka, hata kama haufiki jukwaani, utaona wapagazi, magunia, watu na magodoro, mama anaaga watoto. Na kama utabahatika kuona kichwa kinahama, kaa hapohapo usiondoke: treni inayovutwa na kichwa ikifika mwisho wa reli, kile kichwa lazima kikatwe, kizunguke kwa reli ya pembeni, kije kifungwe upande wa pili ndo irudi. Kuna mtu anaingia katikati anafungua mabomba ya upepo, pssss, mtoto anaruka. Mchongoko hauna hayo, una chumba cha dereva kila upande, dereva anachukua begi lake anatembea mpaka ncha nyingine, safari imegeuka. Muulize mtoto, sasa hii mbele ni wapi? Hilo swali linawasumbua wiki nzima.

Kwa kujua tu, SGR ya abiria Dar mpaka Morogoro ilianza tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi wa saba mwaka huohuo, na zile zenye pua iliyochongoka, zenye mabehewa manane, zikaingia kazini Novemba. Kabla ya hapo treni za SGR zilikuwa zinavutwa na kichwa cha umeme na bado zipo za hivo pia, kwaio hapo una mchezo mzuri wa kumuuliza mtoto: hii ina kichwa au ina pua?

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, pia msiisahau, pale Barabara ya Nyerere inapokatana na Mandela. Stesheni kubwa mno, ukumbi wake mrefu kama nini, treni zake za abiria ni za kuvizia kwa hiyo usiende bila kupiga simu. Kuna siku chache kwa mwaka inakuja ile treni ya kitalii ya Afrika Kusini, Rovos Rail, imetoka Cape Town mpaka hapo Dar, mabehewa yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Reli yenyewe ina kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, Wachina walisaidia kuijenga miaka ya sabini mwanzoni na ikakabidhiwa 1976. Na hapa kuna kitu cha Dar ambacho wenyeji wengi hawajui wanacho: mji wenu una reli za upana wa aina tatu. Ya kati ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067 sawa na za kusini mwa Afrika, SGR ni 1,435. Treni ya moja haiwezi kupita kwenye reli ya mwenzake. Tofauti ya ya kati na TAZARA ni milimita 67 tu, kama upana wa vidole vitatu vinne, lakini inatosha mzigo kushushwa na kupakiwa upya. Kata kamba tatu za vipimo hivyo, zilaze sakafuni sebuleni, mtoto apite nazo na gari zake za kuchezea. Msiende kupima relini tafadhali.

Kama mna ndugu Nairobi, siku mkienda mpeleke makumbusho ya reli, karibu na stesheni kuu ya mjini. Kule kuna majitu ya mvuke aina ya Garratt, kundi la 59 (Class 59), zilikuwa ndo treni za mvuke kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya mita moja, uzito karibu tani 252. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na zilizobaki pale mbili zina majina ya milima ya kwetu Tanzania, Mount Gelai na Mount Shengena. Zimesimama, hazina moto, mtoto anagusa gurudumu refu kuliko ye. Kwa mtoto ambaye treni inayotembea inamtisha, hapo ndo pa kuanzia.

Kuhusu kutishwa, maana watakuja kuniuliza na wengine: sauti ya honi karibu ni kali mno kwa sikio la mtoto. Mfundishe kuziba masikio kwa mikono, mwambie kabla, "sasa itapiga", mfanye iwe mchezo, au mnunulie hedifoni zile za kuzuia kelele. Akilia, rudini nyuma mpaka aache kulia, hapo ndo umbali wake wa leo. Usimsogeze kwa nguvu kumzoesha.

Kaeni muda mfupi. Treni moja ikifika na kuondoka inatosha kwa mtoto wa umri huo, mbili ni sikukuu, ya tatu utakuwa unaisubiri we. Nenda ameshakula, ameshakojoa, kofia, maji, na usimwambie "inakuja sasa hivi" kama ni nusu saa. Wakati wa kusubiri mpe kazi: asikilize, atafute taa ya ishara ni nyekundu au kijani, ahesabu mabehewa hata kama anaruka namba ya sita kila siku. Apungie mkono dereva. Wengi wetu tunapunga, ila asipopunga umwambie mtoto dereva alikuwa anaangalia taa, sio kwamba hakupendi, maana ndo ukweli wenyewe, ukiingia stesheni macho hayatakiwi kutoka kwenye ishara.

Na siku ya mvua mkiwa ndani, fanyeni hili. Chukua vikombe viwili vya karatasi vya kunywea, vigundishe mdomo kwa mdomo na gundi ya karatasi, ili katikati pawe panene na ncha ziwe nyembamba. Laza vijiti viwili virefu, hata mipini ya mifagio, sambamba, vilale kwa mteremko kidogo, alafu viringisha hivo vikombe juu yake. Vitayumba kidogo kisha vitajirudisha katikati vyenyewe. Sasa bandika vingine matako kwa matako, katikati pawe pembamba, uone vinavyoanguka. Gurudumu la treni limechongwa hivohivo, upande wa ndani mnene kidogo kuliko wa nje, treni ikienda kushoto gurudumu la kushoto linakanyagia pale penye unene na la kulia pembamba, linasukumwa kurudi. Ule ukingo wa ndani mnaouona ni wa akiba tu, kwenye kona kali na dharura. Vijana wangu wa mafunzo nilikuwa nawaonyesha kwa vikombe hivohivo na kuna waliokuwa na diploma walibisha mpaka walipoona.

Kitu kimoja cha kukemea mapema kabla hajajifunza kwa wakubwa: kuweka sarafu, misumari au mawe juu ya reli ili treni iviponde. Inaruka kama risasi na inampata yeyote aliyesimama pembeni. Akiona mtu anafanya, akwambie.

Kuhusu baba mtoto, usimwambie mzee kasema umekosea, atanuna na ataendelea. Mpe kazi. Mwambie Jumamosi hii wewe ndo unampeleka Pugu kukata tiketi, kitambulisho chako kipo kwenye droo, mtoto asikae siti ya njiani maana haoni kitu, na mkirudi aje anihadithie mimi mama yake kichwa kilikuwa na pua au hakikuwa nayo.